Mama Mkwe Lazima Apumzike

Jumatatu, 3 Novemba
Mtoto amelia hadi alfajiri. Nimeamka macho yanawasha, nikamkuta mama mkwe ameshakamua ng'ombe, ameshachota maji mtoni, ameshakanda unga. Mgongo umepinda kama mundu. Na arobaini ya baba mkwe imepita juzi tu! Mama yangu mzazi alianguka mtoni, ndoo mkononi, hakuinuka tena. Huyu hataanguka. Nimeamua: Mama atapumzika, atake asitake. Jirani Gulbara kajigamba leo tena eti mama mkwe wake hanyanyui hata kijiko. Ngoja aone!

Jumanne, 4 Novemba
Nimeficha ndoo nyuma ya pipa la unga. Nimekwenda kukamua mwenyewe. Ng'ombe kanikataa. Nikavaa koti la Mama na kitambaa chake cha kichwa, nikajikohoza kama yeye. Akaninusa, akanipiga teke. Maziwa yote chini!
Mama alikuwa mlangoni. Akacheka hadi akashika ubavu, akauliza kama nataka na meno yake nivae. Kicheko cha kwanza tangu mazishi. Akaomba akamue yeye. Nikamwambia hapana, Mama, wewe kaa. Nikamwekea takia dirishani. Akakaa. Amekaa hadi jioni, mikono mapajani, anatazama njia.
Mpango unakwenda vizuri.

Alhamisi, 6 Novemba
Kila Alhamisi Mama hukaanga maandazi ili harufu ya mafuta imfikie Baba huko aliko, ajue nyumbani hawajamsahau. Lakini mafuta yanamrukia, na kifundo cha mkono kimevimba. Basi nikamsukumia kwa Gulbara akanywe chai, nikakimbia sokoni na mtoto mgongoni. Maandazi tayari, mfuko mzima! Harufu? Niliifikiria hiyo. Aliyeyakaanga ameshaitoa, na mbingu ni moja.
Mama akarudi, akakuta kitambaa cha chakula kimejaa. Akashika andazi moja. Baridi. Akauliza nimekaanga saa ngapi. Nikasema kwa fahari, ya sokoni haya, Mama, usihangaike. Akalirudisha kitambaani. Kisha akasema taratibu, kwa hiyo leo mzee wangu kaenda sokoni.
Akasoma dua. Hakula.

Ijumaa, 7 Novemba
Mama anafunga mizigo. Anakwenda Talas, kwa wifi yangu Zamira. Nikamuuliza nimekukosea nini. Akanishika shavu, akasema hujanikosea, mwanangu, moyo unao. Ila hapa kwako sina hata kikombe cha kuosha, na nikikaa bure namsikia mzee anakohoa chumba cha pili. Kwa Zamira vyombo vichafu vimefika dirishani, huko nitapona.
Talant, mume wangu, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba nimemfanya mama yake mgeni. Nikamjibu kwa ukali kwamba mgeni huheshimiwa. Halafu nikaenda zizini kulia. Ng'ombe akanitazama, akageuka upande wa pili.

Jumamosi, 8 Novemba
Gari limekuja. Nimembebea Mama kila kitu, hata mkoba wake mdogo. Akabaki mikono mitupu barabarani. Akainyoosha ampakate mtoto. Nikasema huyu mzito, Mama, atakuchosha. Akambusu kisigino, akapanda.
Gari lilipokata kona ndipo nilipoona kwamba ilifaa nimpe mtoto.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimekaanga mwenyewe. Nusu yameungua. Nyumba moshi mtupu, mtoto anapiga chafya. Nikafungua dirisha, nikasema Baba, nisamehe, kula yale yasiyoungua. Takia bado liko palepale, katikati limebonyea. Sikuligusa. Nimelia, na moshi haukuhusika.
Zamira akapiga simu. Eti Mama hajambo kabisa. Tangu asubuhi kakanda unga wa mikate saba, kakaanga maandazi ya Baba, sasa anamtania mkwewe, mume wa Zamira, kwamba anakata kuni kama bibi harusi. Anaimba!
Nimeshtuka. Mikate saba, kwa kifundo kile! Nikamfokea wifi: wewe bibie huna huruma? Mnyang'anye unga. Ficha ndoo. Mwekee takia dirishani, akae, mama wa watu apumzike.
Zamira kaona aibu. Ameahidi kuanza kesho.