Neno Kwetu na Miji Miwili ya Amerika

Itetemia, Tabora,
14 Agosti, 1956.

Mwanangu Raymundi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu masika. Barua yako ilifika salama, nayo haikuchelewa. Aliyechelewa ni mimi. Nilikuwa nikiisahihisha. Kwa mtu aliyefundishwa sarufi na mimi mwenyewe, kabla hajafundishwa uhandisi na Wamarekani, wino mwekundu ulioingia ulizidi nilivyotazamia, ikanilazimu kungoja chupa nyingine ije kwa treni. Nakurudishia barua hiyo ndani ya bahasha hii. Isome, kisha uiandike upya.

Umetuuliza, mimi na mama yako, kama baada ya masomo ni afadhali ukae Niuyorki au Shikago, kwa kuwa kotekote umepata kazi ya madaraja. Umeomba tukujibu bila kuficha. Sina tabia ya kuficha. Haya ndiyo malalamiko yangu. Nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Juu ya Niuyorki. Umeandika kwamba ni mji wa bandari, kwamba treni zake hupita chini ya ardhi, na kwamba mlangoni pake imesimama sanamu ya mwanamke aliyeinua mwenge mchana na usiku. Treni yetu ikipita Igalula hupita juu ya ardhi, na mtu aliye shambani huiona ingali mbali, akapata nafasi ya kunawa miguu. Treni inayojificha ina sababu ya kujificha. Ama mwanamke huyo, sikuona mahali uliposema kwamba kuna mtu aliyekwenda kumpokea.

Tena bandari ni pwani. Babu yako Masolwa alikwenda pwani mara nyingi na pembe begani, akarudi na nguo, chumvi na hadithi. Hakusimama Bagamoyo na kutuma mtu aje kutuuliza kama ni afadhali akae Bagamoyo au Saadani. Alitua mzigo, akageuka. Pwani kazi yake ndiyo hiyo.

2. Juu ya Shikago. Wasema mji huu hauko baharini, uko bara, kando ya ziwa lisilo na chumvi. Kwamba reli za pande zote hukutana hapo. Kwamba upepo ni mwingi, na ng'ombe huletwa toka mbali kuuzwa na kuchinjwa. Fungu hilo nimelisoma mara kadhaa. Mji wa bara ambamo reli hukutana, wenye upepo na ng'ombe, tunao. Ulizaliwa ndani yake. Reli ya Mwanza na reli ya Kigoma huachana hapa stesheni, na ziwa lisilo na chumvi liko Ujiji, mwisho wa njia ileile aliyoipita babu yako. Kuvuka bahari ili ukakae katika Tabora nyingine, yenye baridi, ni kupoteza nauli.

3. Juu ya jina la mji huo. Mama yako alipokuwa akiisoma barua kwa sauti, bibi yako Tekla alikuwa karibu akipepeta mtama. Wayajua masikio yake. Kila mama yako alipotamka "Shikago", bibi alijibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Ukurasa ulipokwisha alisema hajapata kuona kijana anayeamkia wakubwa kwa wingi namna hiyo, na kwamba huyo Niuyorki amepita mara zote bila salamu, basi asitajwe tena mbele yake. Nilimweleza kwamba Shikago ni jina la mji. Akaniuliza ni mji gani huo wenye adabu. Kwa maoni yangu ni shikamoo iliyokatwa mkia. Lakini kura ya bibi yako sasa iko Shikago, wala haihami.

4. Hakuna mji uliotuma mshenga. Mwenye kumtaka mtoto wa watu huleta mtu mzima, akakaribishwa kigoda, akaeleza ukoo wake. Niuyorki ni mtoto wa nani? Shikago imelelewa na nani? Naomba uwaambie wakubwa wa miji hiyo waniandikie, kila mmoja peke yake, kwa mkono wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya hapa Tabora, na waeleze nia yao. Nitawajibu kwa utaratibu, kadiri barua zao zitakavyofika.

5. Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Katika ukurasa wa mwisho umeandika: "Kwetu huku theluji imeanza kuyeyuka. Je, huko kwenu mvua imenyesha?"

Raymundi. Nyumba yetu, kazi yetu, chakula chetu: hivyo mtu aweza kuwa navyo popote. Kwetu ni kumoja. Mtu hupanga chumba, kwetu hakupangwi. Ni mahali ambapo ukifa, watu hawaulizani marehemu alikuwa nani. Ulipoandika "kwetu huku" ulikosea mahali. Ulipoandika "kwenu" ulitutoa mimi na mama yako nje ya nyumba yako, nasi tumeketi ndani yake. Mama yako aliikunja karatasi, akaenda kufagia chumba chako, ambacho alikuwa amekwisha kukifagia asubuhi.

Kosa hilo nimelipigia mistari miwili. Mimi, kwa upande wangu, sitaliandika kamwe neno "kwenu" kwa maana ya Amerika.

6. Madhara ya kosa hilo. Jirani yetu Lukumani, yule fundi cherehani, Mzaramo na mtani wetu tangu siku za misafara, alikuwa barazani akisikia yote. Mwanzoni alifurahi. Alisema kumchagulisha Mnyamwezi kati ya miji miwili ni kumchagulisha punda kati ya mizigo miwili. Alisema pia kwamba mji usio na pwani ni kambi iliyosahau kung'oka, kwa hiyo yeye yuko upande wa Niuyorki. Lakini lile neno liliposomwa, aliinuka, akavua kofia.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu ambaye kwao si kwao tena, huyo amefariki. Poleni sana. Nadai haki ya mtani."

Akaingia uani, akatoa baiskeli yako, akaipanda. Nawe wajua mila: kitu alichokichukua mtani msibani hakidaiwi. Sikuwa na hoja ya kumzuia, maana kwa sarufi alikuwa sahihi. Anaipanda mpaka leo. Kila apitapo hapa hupiga kengele na kusema, "Poleni wafiwa." Wageni wawili wamekwisha kuingia kutupa rambirambi za kweli, na mama yako aliwapikia.

7. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hupimwa kwa wanafunzi wake. Hili halihitaji maelezo.

Kwa hiyo nahitimisha. Niuyorki ni pwani, na pwani mtu huenda akarudi. Shikago ni Tabora, na Tabora tayari unayo. Kosa kubwa kuliko yote halimo katika maneno uliyoyaandika, limo katika lile uliloliacha: uliweka "au" moja, ilhali swali lako lilihitaji mbili. Niuyorki, au Shikago, au nyumbani. Mtihani wenye jibu lililofichwa sikukufundisha mimi.

Ukoo utakaa Jumapili baada ya Misa. Jambo hili si lako peke yako, na hatukukulea ili ukae unapopigiwa makofi. Mpaka utakaposikia kutoka kwetu, usihame, usitie saini popote, wala usinunue kitanda.

Mama yako Josepha anakusalimu. Bibi yako anasema marahaba, ingawa safari hii hujamwamkia. Nisalimie walimu wako, na wenzako mnaopika pamoja. Msalimu hasa yule mama mwenye nyumba, ambaye umesema hukuuliza kila jioni kama umekula. Huyo mwambie namheshimu. Nitakuandikia mara uamuzi utakapopatikana.

Ni mimi niliyekushikisha kalamu,

Baba yako,
Kasimiri Masolwa,
Mwalimu mstaafu.

Nyongeza: Lukumani alitaka kuiona barua hii kabla sijaifunga. Aliisoma yote akiwa amesimama, akatoka bila kuaga, akairudisha baiskeli ikiwa imepakwa mafuta. Asema maiti haandikiwi barua ndefu namna hii. Mama yako na bibi yako hawakungoja Jumapili. Wamekwisha kukaa wenyewe jikoni na kuamua, na padre anayekwenda likizo ng'ambo amekubali kuchukua kopo la asali na mfuko wa michembe ya viazi; juu ya mfuko mama yako ameandika SHIKAGO kwa herufi kubwa. Anauliza theluji huisha mwezi gani huko kwenu, tusije tukafika na viatu vya wazi. Barua hii nimeisoma tena yote tangu mwanzo mpaka hapa, wala sikuona kosa.