Shingo Nyembamba na Daktari wa Meno

Jumapili, 9 Juni

Aibu tupu. Jana harusini kidole gumba changu cha kushoto kilikufa ganzi katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Besi ikanyamaza. Bibi harusi naye akasimama, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyekanyaga kitu asichotaka kukitazama. Wageni wakadhani umeme umekatika.

Kosa si langu. Mimi ni fundi cherehani, kiganja changu kimezoea sindano. Kosa ni la gitaa langu la besi. Shingo yake nene kama mguu wa kitanda! Miaka ishirini na mbili nimeikumbatia shingo hiyo kwenye bendi hii, sasa mkono umesema basi.

Leo Kapteni wa bendi ameniita pembeni. Ameongea kwa upole. Kapteni akiongea kwa upole, jiandae. Amesema nitafute besi yenye shingo itakayonifaa, bendi itainunua, na Jumamosi kwenye mazoezi niupige wimbo ule wote, dakika kumi na mbili, bila kusimama. Nikishindwa, tari ipo.

Tari! Mimi! Nitikise tari nyuma ya waimbaji kama mtu anayefukuza nzi!

Nikamuuliza besi atapewa nani. Akamtupia jicho shemeji yangu. Na shemeji yangu akatazama dari. Mtu asiye na hila hatazami dari.

Huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi seremala. Hupiga gitaa la pili. Vidole virefu kama miguu ya buibui. Nani alimwingiza kwenye bendi? Mimi. Asante ya punda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefunga kibanda mapema, nimekwenda duka la vyombo vya muziki. Mwenye duka tunamwita Bi Nyuzi. Miwani yake imefungwa kwa uzi wa gitaa, wala hacheki.

Besi zipo tatu. Jeusi, shingo nene. Jekundu, shingo pana kama ubao wa kukatia nyama. La tatu la kahawia, limechubuka pembeni, halina mvuto wowote. Nikalishika ili nisionekane mbaguzi.

Loo! Shingo nyembamba, mgongo wake mviringo, haina vanishi ya kunata. Vidole vikatembea vyenyewe kama vinakwenda nyumbani.

Lakini mimi si mtu wa kudanganywa na raha. Nikatoa futi yangu nikapima shingo zote, juu na chini, nikaweka na alama za chaki. Bi Nyuzi akaniuliza kama nayashonea suti. Akasema raha ya shingo haipimwi kwa futi. Nikae kitini, nivae mkanda, nipige robo saa, ndipo nijue. Halafu akaniangalia mkono na kusema nalikaba gitaa kama mwizi aliyemkamata kuku. Legeza, baba, gitaa halikimbii.

Hayo yote kasema, lakini gitaa lenyewe hakulisifu hata kidogo. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Muuzaji asiyesifu bidhaa yake anaficha nini? Nikaamua kuondoka kama mtu asiyelitaka, nirudi baadaye, nimkute amelainika.

Mlangoni nikapigana kikumbo na nani? Shemeji. Penseli sikioni, karatasi mfukoni. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema msasa.

Msasa! Kwenye duka la magitaa!

Jumanne, 11 Juni

Nimewaza tangu asubuhi, nimeshona mfuko wa suruali ukaangukia gotini. Lazima gitaa la kahawia lilindwe mpaka Bi Nyuzi alainike.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: vile vikaratasi vyangu vya kufungia kwenye nguo za wateja. Katika kazi yetu, nguo ikishafungwa kikaratasi chenye jina haiguswi. Hata aje mfalme, hapewi mpaka mwenye jina atokee. Nikachukua kimoja.

Dukani Bi Nyuzi alikuwa akibishana na mpiga ngoma. Nikabaki na swali moja: niandike jina gani? La kwangu haliwezekani, atajua nalitaka. Nikainua macho, nikaona kibao ng'ambo ya barabara. Wazo likaja lenyewe. Nani atagombana na daktari wa meno? Na daktari wa meno atafanya nini na besi?

Nikaandika: LIMEWEKWA. DAKTARI WA MENO. Nikakifunga kwenye shingo kwa fundo langu la mara mbili, lile lisilofunguka hata kwa kufuliwa. Nikatoka huku nikipiga mluzi. Akili ni mali, na leo mimi ni tajiri.

Nyumbani mambo si shwari. Mke wangu kaniambia niweke mkono wa kushoto juu ya karatasi, kauchora kwa penseli, kidole kwa kidole. Nimemuuliza wa nini. Kasema ananifumia glavu. Glavu, na joto hili! Kisha kaikunja karatasi na kuitia kifuani. Nisisahau kwamba kabla hajawa mke wangu alikuwa dada yake mtu.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kulichukua gitaa. Nimeingia kwa maringo kidogo, nikamwambia Bi Nyuzi kwamba baada ya kufikiri sana, basi, hata lile la kahawia litanitosha.

Akasema limewekwa.

Nikacheka. Nikamwambia huyo daktari hatakuja. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema moyo umeniambia. Akasema moyo wangu haumiliki duka, kitu chenye jina la mtu ni amana. Maneno yangu mwenyewe! Ndivyo ninavyowaambia wateja kila siku!

Halafu maneno yake yakanimalizia kama kisu. Alipokiona kikaratasi hakukumbuka nani alikifunga, akampigia simu daktari wa ng'ambo ya barabara, kwa kuwa ndiye aliyemtengenezea meno ya mbele. Daktari akaja mbio, koti jeupe likipepea, mgonjwa kamwacha mdomo wazi. Akasema hakumbuki kuagiza gitaa, ila tangu ujana ametamani kupiga besi, bila shaka mkewe kamfanyia mpango. Akakaa kitini, akavaa mkanda, akapiga robo saa. Bi Nyuzi kanieleza kwa macho ya huruma kwamba hakulikaba hata kidogo.

Limeondoka.

Nimerudi nyumbani niliombe radhi gitaa langu la zamani. Nyuma ya kabati hamna kitu! Mke wangu kasema shemeji kapita kulichukua, akalisafishe. Lisafishwe! Miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kulisafisha, leo limeanza kunuka?

Mtego ni huu: ananinyima jipya, ananipora la zamani, Jumamosi nasimama mikono mitupu. Tari inanisubiri.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango mpya. Kujitia kuumwa jino, kumfikia daktari, kumtia hofu kwamba besi huharibu vidole vya waganga.

Daktari ni mtu mnene, mcheshi, na gitaa langu limeegemezwa kando ya sinki. Nimelitazama, nalo kama limenitazama. Kanilaza kitini. Nikafungua mdomo niseme, akaingiza mikono miwili na kioo.

Hapo nikaona kasoro ya mpango: kwa daktari wa meno, anayeongea ni daktari peke yake.

Kaongea nusu saa. Kasifu shingo ya gitaa, wembamba wake, mgongo wake. Kasema jana alimshukuru mkewe mpaka machozi, na mkewe, mwanamke mwenye busara, alizipokea shukrani zote bila kuuliza za nini. Kila aliponiuliza kama pale panauma nilijitahidi kusema neno, naye akajibu, pole, pole, nimepaona.

Nimetoka na jino moja pungufu. Kasema lilikuwa bovu kweli. Sijamwamini.

Pamba mdomoni, nikatoa kikaratasi changu nikamwandikia kwamba mimi ni mpiga besi, aniuzie au aniazime mpaka Jumamosi. Kusoma tu, akanikumbatia. Alikuwa anamwomba Mungu mwalimu! Kuuza hawezi, zawadi ya mke haiuzwi. Kuazima hawezi, hapati usingizi bila kuliona. Ila Jumamosi atakuja mazoezini, akae mbele kabisa, anitazame vidole. Ameniita mwalimu mara tatu kabla sijafika mlangoni.

Kwa hiyo sasa aibu yangu itakuwa na mtazamaji.

Ijumaa, 14 Juni

Ushahidi umepatikana!

Nimekwenda kwa kunyata mpaka karakana ya shemeji, shavu limevimba kama andazi. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Gitaa langu limelazwa juu ya meza, halina uzi hata mmoja. Shingo imebanwa kwenye jiliwa. Na shemeji, ulimi nje, anaipiga randa! Maganda ya mbao yanadondoka miguuni kama nywele za kinyozi. Anachonga, anasimama, anatazama karatasi ukutani, anachonga tena.

Mtu anachinja gitaa la shemeji yake mchana kweupe, tena kwa kufuata ramani!

Nikakimbia kwa Kapteni. Nikamshitaki yote: dari, msasa, glavu, randa. Kwa lile shavu sijui alishika nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kesho nisichelewe, na usiku niweke barafu.

Naye pia yumo. Sasa naona.

Jumamosi, 15 Juni

Wote wamefika. Daktari kiti cha mbele, daftari gotini. Mke wangu naye kaja, yeye ambaye hajakanyaga mazoezini tangu tuoane. Nikajiambia, leo nazikwa mbele ya ndugu na jamaa.

Shemeji kaingia na kitu kilichofunikwa shuka. Kakiweka miguuni pangu na kusema, haya shemeji, mfunue marehemu wako.

Gitaa langu. Mwili ule ule, na doa lake la chai la siku nyingi. Lakini shingo! Imekonda, mgongo umeviringwa, imesuguliwa msasa mpaka inateleza kama kitambaa cha hariri, imepakwa mafuta. Nikaishika. Vidole vikatembea vyenyewe, vikafika nyumbani.

Yote yakatoka. Jumatatu alikwenda kwa Bi Nyuzi kupima umbo la shingo ya lile la kahawia, na kumwuliza msasa wa namna gani usiokwaruza. Mchoro wa mkono wangu ndio uliokuwa ukutani. Na dari? Kapteni alikuwa amemwuliza kwa jicho tu kama anaweza kunisaidia, naye akawa anapiga hesabu kichwani, milimita ngapi zitoke bila shingo kuvunjika.

Mke wangu akasema, baba watoto, miaka kumi na tisa nakupikia, hujawahi kufikiri nimetia sumu, umekuja kunishuku kwa glavu! Bendi nzima ikacheka. Shemeji akasema angejua anaitwa mchinjaji angeondoa na kichwa cha gitaa kabisa.

Nikaupiga wimbo. Dakika kumi na mbili. Sikukaba shingo, kwa sababu nguvu zangu zote zilikuwa zinalinda shavu. Kidole gumba hakikufa. Wimbo ulipokwisha Kapteni alichukua tari, akaipeleka mwenyewe kwenye kabati, akafunga mlango. Daktari akapiga makofi mpaka daftari likaanguka.

Nilimshika shemeji mkono. Nilitaka kumwambia jambo, nikaishia kupangusa macho kwa ile shuka. Nikamwambia ni jino. Akasema anajua.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi njema. Nimekaa kibandani nakumbuka jana. Nimekumbuka kila kitu kwa furaha. Halafu nimekumbuka kitu kimoja zaidi.

Baada ya mazoezi shemeji alilichukua gitaa, akasema anahakikisha kwamba nyuzi zimekaa sawa. Akapiga. Dakika tatu nzima! Vile vidole vya buibui! Akatabasamu. Na Kapteni, nilimwona kwa macho yangu, akatazama dari.

Shingo hii ni ya raha. Ya raha mno. Mtu gani huchonga kwa uangalifu hivyo kitu ambacho si chake?

Gitaa linalala kwenye kabati la chumba cha mazoezi, na ufunguo kila mtu anao. Nimekwenda mchana huu na kikaratasi changu. Safari hii nimetumia akili. Madaktari sitaki tena, ni watu wa kupenda muziki. Nimetafuta cheo ambacho hakuna binadamu atakayekisogelea wala kukipigia simu. Nimeandika: LIMEWEKWA. MKAGUZI WA KODI. Fundo mara tatu.

Nimemweleza mke wangu wakati wa chakula. Kaweka kijiko chini. Kasema mpangaji mpya wa nyumba namba mbili, yule mrefu mpole, anafanya kazi ofisi ya kodi, na jana alimwuliza ni nani mtaani hapa anayepiga besi tamu namna ile, na kama mtu wa umri wake bado anaweza kujifunza.

Sadfa tu. Huyo hata chumba cha mazoezi hakijui. Nimekiangalia kikaratasi mara mbili kabla ya kufunga, hakina kosa lolote: nimeandika vizuri, kwa herufi kubwa, na chini, ili mtu asiulize, nimeongeza na namba ya nyumba ya huyo mkaguzi.

Namba mbili. Ndiyo iliyonijia kichwani.