Mstari wa Chokaa

Jumatatu, tarehe 3 Februari
Mjomba kanitafutia kazi! Kupokea simu dukani kwake. Mimi! Mimi ambaye jina likiitwa darasani nilikuwa naitikia moyoni. Nianze wiki ijayo, kasema, nitoe aibu. Niitoe niipeleke wapi?

Lakini Jumamosi kikundi cha sarakasi kinachagua wasanii wapya. Nimeamua: kurusha visu. Mrusha visu hasemi neno. Anarusha, anainama, anaondoka. Seremala, jirani yetu, kanipa kipande cha gogo, nimekifunga ukutani nyuma ya nyumba. Nimepima hatua tano. Nimechora mstari kwa chokaa. Tayari!

Jumanne, tarehe 4
Bibi kaufagia mstari! Alfajiri, eti ua mchafu. Nikachora tena. Visu vitatu vya jikoni, mara arobaini. Vyote vimegonga gogo kwa mpini. Kimoja kimetua kwenye beseni la nguo. Mama kauliza kama nimemaliza shule ili niwatoboe macho. Nimenuna hadi usiku.

Jumatano, tarehe 5
Kafagia tena! Nami nikachora tena. Seremala kachungulia, kaniambia nisogee mbele nusu hatua, kisu kinazunguka kupita kiasi. Nikamshukuru. Moyoni nikamwambia akatengeneze stuli zake. Hatua tano nimesoma kitabuni. Mstari ni mstari!

Alhamisi, tarehe 6
Siku mbovu. Binti wa shangazi, tunayemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi hata akila, kaja bila kualikwa. Naye Jumamosi anakwenda! Kuimba, eti. Kasimama mbele ya mstari wangu, anasimulia habari za viatu vyake vipya, kaokota kisu, karusha. Kikazama katikati ya gogo! Akasema kumbe rahisi hivi, mdogo wangu, unahangaika nini? Hakuwa kwenye mstari, haihesabiki! Nikamwambia hivyo. Kwa macho.

Jumamosi, tarehe 8
Ukumbini nikapima hatua tano kutoka ubao wa shabaha. Nikarusha. Mpini. Mpini tena. Cha tatu kikadunda, kikaangukia ngoma: dum! Watu wakapiga makofi, wanafiki wakubwa. Nikaenda kuokota visu, uso unawaka, nikakwama mbele ya ubao kama nimepigiliwa misumari. Kasuku akaropoka kwamba mbona rahisi, akachukua kisu, akarusha. Kikaganda ubaoni, vidole viwili kutoka sikioni kwangu. Ukumbi mzima ukapiga yowe. Mimi sikupepesa hata jicho. Nilikuwa naona haya.

Kiongozi wa kikundi kaja mbio, kamfokea Kasuku, kisha kanigeukia mimi. Akasema ana miaka kumi anatafuta mtu wa kusimama ubaoni asiyepiga kelele. Nimechaguliwa! Kusimama. Na mrushaji? Kasuku! Kasuku!!

Jumapili, tarehe 9
Nimelia kwa hasira, ila simu zake Mjomba atapokea mwenyewe. Mazoezi yanaanza kesho, nyumbani kwetu. Kasuku kaomba asimame mbele kidogo ya mstari, ndipo mkono wake ulipozoea. Hata kidogo! Chokaa nimeachana nayo. Nimepanga matofali pale pale, hatua tano kamili. Tuone kama Bibi atafagia matofali. Kasuku atarushia hapo, apende asipende. Mimi nitakuwa ubaoni, nikimchunga miguu.