Kina cha Lami ya Lisekese

"Wananchi wa Lisekese, tulieni, kivuko chenu kinakuja!" Ndivyo alivyotangaza Bwana Bartholomayo, Mratibu wa Idara ya Uvukaji, kifua mbele.

Mama Shamila, muuza maandazi, alikuwa ameomba mistari myeupe tu barabarani, ili bintiye avuke salama kwenda shule. Malori ya korosho pale hayana mswalie Mtume. Lakini ombi lilisema "kivuko", na kivuko, jamani, ni chombo cha majini. Bwana Bartholomayo angefanyaje? Alileta wataalamu wapime kina cha lami. Hawakukifikia, wakaomba muda. Upembuzi yakinifu ukazaa upembuzi yakinifu mwenzake. Mwishowe yakaja maboya ya kujiokolea, pamoja na Nahodha Khalfan na kofia yake nyeupe.

"Shikamoo, mzee," Mama Shamila alimwambia Bwana Bartholomayo. "Jana Shamila wangu kaponea chupuchupu!"

"Marahaba. Alivaa boya?"

Mama Shamila alisonya mpaka mbuzi wakageuka. Bwana Bartholomayo alimhurumia. Elimu ya majini ilikuwa bado haijawafikia watu wa huku.

Siku ya uzinduzi, gari la Mkuu wa Idara likasimama upande huu. Jukwaa, utepe na pilau vilikuwa upande wa pili.

"Nahodha, nivushe."

"Haiwezekani, mzee. Huduma haijazinduliwa."

"Basi niizindue!"

"Utepe uko ng'ambo."

Lori likapita vuuu! Mkuu akatia mguu barabarani, akautoa. Akavalishwa boya, hofu ikabaki palepale. Bwana Bartholomayo alitamani ardhi immeze.

"Mama, nisaidie," Mkuu alinong'ona.

Mama Shamila akamshika mkono kama anavyomshika bintiye. "Nikisema kimbia, usiangalie nyuma. Haya, kimbia!"

Mkuu alifika ng'ambo na kiatu kimoja, anatweta. "Hivi watoto hupita hapa?"

"Kila asubuhi."

Mkuu akaapa kutorudi garini bila mistari. Rangi ikaletwa kutoka Masasi mjini. Mafundi je? Walikuwepo mratibu, nahodha na kamati ya mapokezi, basi. Mkuu na Bwana Bartholomayo wakapiga magoti na brashi, maboya shingoni, huku Mama Shamila akisimamisha malori kwa kanga.

Mstari wa mwisho ulipokamilika, Mkuu akainuka ili avuke. Mama Shamila akamzuia.

"Taratibu, mzee. Rangi haijakauka. Rudi wiki ijayo."