Malalamiko Dhidi ya Chombo Kilichotunyima Mikutano

Ndugu Meneja,

Natumaini hujambo, na kile kiti kipya hakikuumizi mgongo. Mimi ni yule mwandishi wa programu wa meza ya dirishani, uliyemteua kupima vyombo vya kugawana kazi kwenye kompyuta, ili kila mmoja aandike alipofikia na mwenzake asome kwa wakati wake, bila kuitana. Nimepima, na nimeumia. Naomba uvipige marufuku kwa sababu zifuatazo:

1. Cha kwanza kilikuwa na rangi nyingi kuliko kanga za harusini. Tulikutana kila asubuhi kujadili namna ya kuacha kukutana. Hapo sikuwa na neno, chai ilikuwepo.

2. Cha pili ndicho tulichokichagua, na balaa lake ni kwamba kinafanya kazi. Mkaguzi wetu wa programu, dada tunayemwita Mama Kasoro, zamani alikuwa akija mezani kwangu kusema ukurasa wa malipo umeharibika, nami namjibu kwangu unafunguka vizuri, tunabishana mpaka chakula cha mchana. Siku hizi anaandika, anabandika picha ya kosa, huyoo anaenda zake. Nibishane na picha?

3. Ulipokuwa ukiniuliza kazi imefika wapi, nilisema iko mbioni, ukaridhika. Chombo hakijui mbio. Kinasema kazi haijaguswa tangu Jumatatu, na kinamwambia hata mteja.

4. Mke wangu alikiona, akakipenda, akakihamishia nyumbani. Bomba la jikoni linalovuja limeandikiwa jina langu na kuwekwa kwenye safu ya "Imekwama". Mama mkwe anasoma akiwa kwake, na anaweka maoni.

Kwa hiyo naomba mikutano irudi, tena mirefu, na ikibidi hata Jumamosi, nipate pa kujificha.

Wasalimie wote: mhasibu, mlinzi wa getini, na Mama Kasoro pia, maana ugomvi wetu ni wa picha tu.

Wako mtiifu, nikiwa kazini,
Wa Meza ya Dirishani

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, mke wangu alishikwa na uchungu wa kujifungua. Niliandika kwenye chombo mistari miwili ya nilipofikia, nikamkimbiza hospitali. Simu haikulia hata mara moja. Nimerudi nimekuta wenzangu wameimalizia kazi yangu na mteja ameipokea. Mtoto ni wa kike, mzima, na nilikuwepo alipolia kwa mara ya kwanza. Tafadhali chombo kibaki. Kaka yake alipozaliwa, mimi nilikuwa mkutanoni.