Mrudishieni Msimamizi Wetu Ukali Wake

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Kampuni ya Udobi wa Mashuka ya Hospitali na Hoteli.

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA UPOLE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku chumba cha mashine afya tunayo, tunachoumwa ni adabu.

Unamjua msimamizi wetu, yule tuliyempachika jina la Radi. Ulipomleta mtaalamu wa isimu, mama aliyesomea mpaka juu kabisa namna viongozi wanavyopaswa kuongea, Radi aliingia kwenye semina akiwa mtu tunayemwelewa. Alipotoka alitusalimia mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, kisha akangoja jibu. Mkunja mashuka mwenzangu aliangua kilio, akidhani kuna msiba. Tangu hapo hatuna amani, kwa sababu zifuatazo:

1. Sauti. Radi alifundishwa kwamba kiongozi anayejiamini hushusha sauti. Sikatai, ila semina ilifanyika kwenye ukumbi wenye zulia, na hapa kwetu mashine zinanguruma kutwa. Bomba la mvuke lilipopasuka, alimsogelea mkaushaji akamwambia taratibu, "Ningependa tulitafakari hili bomba kwa pamoja." Mkaushaji aliona midomo inacheza, akaitikia kwa kichwa. Nyusi zake hazijaota mpaka leo.

2. Maswali. Kumbe amri humvunjia mtu heshima, kwa hiyo siku hizi tunaulizwa. "Dada, unaonaje mashuka ya wodi ya wazazi yakitoka leo?" Dada wa pasi akafikiri sana, akajibu kwamba yeye anaona kesho ndiyo nzuri. Akashukuriwa kwa uwazi wake. Wazazi wakalalia magodoro matupu.

3. Neno "sisi". Zamani mchelewaji aliitwa kwa jina lake na la ukoo mzima. Sasa tunaambiwa "tumechelewa", na kila mtu anaomba radhi isipokuwa aliyechelewa, maana hajafika.

4. Mzee wa boila. Hili linaniuma na sitamung'unya maneno. Aliitwa ofisini akaambiwa ametufaa sana, na sasa anastahili kupumzika. Mzee wa watu akapumzika Jumamosi na Jumapili, Jumatatu akarudi amechangamka, akashukuru. Akakuta mtu mwingine kwenye boila lake. Akadhani ni msaidizi, akaanza kumfundisha kazi. Mpaka leo anakuja, na sisi sote tunamwamkia na kuinamisha macho, kwa kuwa Radi, aliyekuwa na kinywa cha kumwambia, ametengenezwa upya kwenye semina.

5. Mimi mwenyewe. Juzi niliitwa pia. Nikapewa kiti, nikapewa maji. Nilipoona maji nikayarudisha mezani. Nikamwambia, "Bosi, mimi nina watoto wanne." Akasema, "Ninakusikia ukisema una watoto wanne." Kisha akanyamaza, kwa sababu kunyamaza nako amefundishwa. Mwishoni akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mchango wangu hautasahaulika. Nilipotoka, nusu ya wenzangu walinipongeza, nusu wakanipa pole. Sijui kama nimepandishwa cheo au nimefukuzwa. Nakunja mashuka kwa adabu ya mgeni.

Kwa hiyo naomba mtaalamu arudi chuoni, na Radi arudishiwe ukali wake wote bila kupunguzwa. Ikiwa cheti chake cha semina hakimruhusu, basi kampuni iajiri mtu wa kufoka kwa mkataba, akae mlangoni mwa ofisi, na kila tukitoka atufafanulie kavukavu tulichoambiwa ndani. Hata hilo likishindikana, wafanyakazi tupo tayari kufokeana wenyewe kwa zamu.

Wafikishie salamu katibu muhtasi, dereva wako, walinzi wa getini na mtaalamu mwenyewe, ambaye sina ugomvi naye binafsi.

Ni mimi mtiifu wako,
Mkunja mashuka (kama bado).

N.B. Nilimsomea mke wangu barua hii kabla ya kuifunga. Akaacha kufua, akaniuliza, "Baba watoto, kwani wewe kweli hujui alichokuambia?" Nikaichukua kalamu tena. Basi, Ndugu Mkurugenzi, hayo ya juu yaache. Nakuomba umtume yule mama mtaalamu nyumbani kwetu, siku yoyote watoto wakiwa shule. Aketi nasi, azungukezunguke kwa maneno anavyojua yeye, ashushe sauti, aseme "sisi". Wala asiharakishe kufika kwenye jambo lenyewe.