Swichi Janja kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa. Mama mkwe ametolewa bandeji za macho. Daktari amesema asikae tena peke yake. Atahamia kwa mmoja wa binti zake, na kuchagua ni juu yake mwenyewe. Atakaa wiki moja kwetu, wiki moja kwa dada yake mke wangu, kisha atasema.

Mke wangu alinieleza haya huku anapanga nguo kabatini. Akawa anapanga nguo zilizokwisha pangwa. Anamtaka mama yake hapa. Hajasema. Hana haja ya kusema.

Tatizo ni mwanyumba wangu, mume wa huyo dada. Ana geti linalofunguka lenyewe. Anabonyeza kidude, geti linajisogeza pembeni kama limeogopa. Kila tukienda kwake lazima alifungue na kulifunga mara ya pili, eti hatukuona vizuri. Mama mkwe akishaliona geti lile atasahau kwamba ana binti mwingine.

Lakini subiri. Mama mkwe hana gari! Geti halimhusu. Kinachomsumbua ni giza. Mke wangu anasema bado anapapasa ukuta akitafuta swichi. Nikakaa. Nikafikiri. Nikapata!

Swichi zinazowashwa kwa simu. Nyumba nzima. Mama anafika Ijumaa. Muda ninao tele.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Nilidhani swichi janja ni swichi janja. Kumbe ni ukoo mzima! Kuna za kugusa, za kubonyeza, za kupunguza mwanga, za taa moja, za taa tatu, za feni peke yake. Muuzaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, akaniuliza maswali kama ofisa wa mpakani. Balbu zangu ni za aina gani? Taa ya korido inawashwa upande mmoja au pande zote mbili? Ukutani kwangu kuna waya wa nyutro?

Nikamwambia upo. Sikuujua. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na mtu mwenye kitambi kama changu hawezi kusimama mbele ya foleni akauliza nyutro ni nini.

Nikachagua za kugusa. Nyeusi, laini, zinang'aa kama kioo. Ukizitazama unajiona, na mimi nilijiona mtu wa maana.

Mke wangu akauliza kama nimemwita fundi. Nikamwambia fundi ni wa watu wasiojua kusoma, karatasi ya maelekezo imo ndani ya boksi. Akauliza kama nimeisoma. Nikamuuliza mama yake anapenda mto laini au mgumu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka kazini mapema. Nilisema ni tumbo. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, kama mtu mwenye busara. Sikujua kwamba mke wangu alikuwa anapiga pasi. Alinijia na pasi mkononi, na mengi ya kusema.

Nikaifungua swichi ya sebuleni. Nyuma yake, nyaya mbili. Swichi mpya inataka tatu. Nikahesabu upya. Mbili! Nikachungulia tunduni kwa tochi, pengine ya tatu imejificha. Wapi! Nikamlaani aliyejenga nyumba hii. Ameondoka na nyutro yangu.

Wakati huohuo nani anaingia? Mwanyumba. Eti amemletea mke wangu dawa za macho za mama. Akasimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Akasema nyumba nyingi za zamani ziko hivyo, nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, inaishia kwenye taa, haishuki mpaka kwenye swichi. Zipo swichi zilizotengenezwa kwa nyumba kama hizo. Na anamjua fundi mzuri, nikitaka atamtuma. Nikamshukuru kwa sauti ya baridi. Anapeleleza huyu.

Nikarudi dukani. Muuzaji hakunisema, ila aliishusha miwani yake taratibu sana. Akanibadilishia, nikapata zisizohitaji nyutro. Kila boksi lina kidude cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini, chenye nyaya mbili. Bila shaka ni vya akiba. Nimevitia vyote kwenye droo ya vijiko.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Swichi zote zimekaa ukutani. Vidole vyangu vina plasta. Ukuta wa korido umepata tundu lisilotarajiwa, nimelifunika kwa kalenda.

Simu ndiyo iliyoleta maringo. Kila nikijaribu kuziunganisha, inaandika kwamba kifaa hakijaonekana. Kipo hapa, nakishika! Nikasogea. Nikapanda juu ya kiti. Nikaipiga ruta ya intaneti kofi dogo la kuiamsha. Mwisho mke wangu, bila kuacha kumenya vitunguu, akasema ruta yetu inarusha mitandao miwili, na swichi za namna hii zinashika ule wa polepole. Imeandikwa kwenye karatasi. Amesoma karatasi!

Nikajaribu, ili kumridhisha tu. Zikaungana zote. Nikamwambia nilikuwa nakaribia kufika hapo.

Dosari moja ndogo. Taa hazizimiki kabisa. Zinabaki na kamwanga hafifu, na ya sebuleni inakonyeza. Mke wangu anasema inamkera. Nimemweleza kwamba huko kwenye hoteli kubwa watu wanalipia mwanga wa namna hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Amefika! Ameletwa na mwanyumba kwa gari. Miwani myeusi, begi moja, kicheko kilekile. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri. Nikasema, mama, tazama juu. Nikabonyeza simu. Taa ikawaka. Akasema hongera, mwanangu. Nikabonyeza tena. Taa ikazima, ikaanza kukonyeza.

Mama mkwe akaitazama kwa muda. Akauliza, "Hii inamwita nani?"

Mwanyumba akacheka mpaka akaegemea ukuta, na kwa kuegemea akaigusa swichi, na feni ikaanza kwa kasi yote na magazeti yakaruka. Mama mkwe akacheka akashika mbavu. Mke wangu akacheka. Nikacheka na mimi, nisibaki peke yangu.

Jambo ambalo sikulifikiria: simu ya mama mkwe ni ya vitufe. Haiwezi kuwasha hata taa moja. Na zile swichi laini hazina mahali pa kupapasa. Kidole chake kinateleza tu. Anatafuta taa, anapata feni.

Suluhisho lipo. Nitawasha mimi. Akiinuka, nabonyeza. Akikaa, nabonyeza. Nimekaa na simu mkononi tangu mchana, macho kwake. Ameniuliza kama ana kitu usoni.

Jumapili, 9 Machi

Vita vya korido. Taa ya korido ina swichi mbili, moja kila upande. Nilibadilisha moja tu. Mke wangu akizima ile ya zamani, yangu inakufa kabisa na simu inaniambia kifaa kimepotea. Nimebandika utepe juu ya ile ya zamani. Mke wangu ameubandua. Nimebandika mwingine. Sasa nimeukuta umebandikwa kwenye simu yangu.

Mama mkwe anafuatilia yote kutoka kitini. Anasema miezi yote ya ugonjwa hakuwahi kupata burudani kama hii. Nimefurahi. Wiki inaenda vizuri. Anazipenda swichi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Nilikuwa kazini, ghalani, kati ya rafu za vipuri. Karani mwenzangu akawa anamsifu mdogo wake aliyenunua televisheni kubwa. Nikamwambia mimi nyumba yangu yote imo mfukoni. Nikatoa simu. Bafuni, zima. Washa. Zima. Akauliza nitajuaje kama huko nyumbani kweli imezima. Swali zuri. Nikampigia mke wangu anithibitishie. Hakupokea. Nikapiga tena.

Alipopokea hakukuwa na salamu. Bafu letu halina dirisha. Mama yake alikuwa humo anaoga. Giza likamkuta na sabuni mwilini. Akatoka kwa kupapasa, akajigonga mguu kwenye kizingiti, akaanguka juu ya kapu la nguo chafu. Lile kapu ndilo lililomwokoa.

Nikaomba ruhusa. Safari hii tumbo lilikuwa linaniuma kweli. Nikamkuta kitandani, mguu juu ya mto, kidole gumba kimevimba. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyezima." Njiani nilikuwa nimetunga maelezo marefu kuhusu mtandao. Sikuyakumbuka hata moja.

Akanishika kichwa. Akasema, "Mwanangu, hata ukiwa kazini huniachi?"

Mke wangu hakucheka. Chakula ameandaa. Maneno hakuandaa.

Jumanne, 11 Machi

Daktari anasema hakuna mfupa uliovunjika. Lakini mama mkwe ameondoka kabla ya wiki kwisha. Mke wangu ndiye aliyetaka, amesema mama yake apone kwanza mahali penye usalama. Mahali penye usalama! Mwanyumba alikuja kumchukua, akambeba mpaka kwenye gari, akaniaga kwa upole. Afadhali angenitukana.

Mke wangu alisimama mlangoni mpaka gari likakata kona, kisha akaendelea kusimama. Nikaosha vyombo. Taa ya sebuleni inaendelea kukonyeza, nimeitoa balbu.

Jumatano, 12 Machi

Fundi umeme amekuja. Ameitwa na mke wangu. Mwanamke mrefu, mcheshi, anayepiga mluzi na kuomba chai kila dakika chache. Amefungua swichi moja, akapanda kwenye taa, akauliza viko wapi vidude vyeupe. Nikauliza, vidude gani? Vile vya kufunga kwenye taa, ndivyo vinavyozuia kukonyeza. Mke wangu akafungua droo ya vijiko. Nikaeleza kwamba nilitaka vikae pakavu.

Mimi nikaanza kutoa mpango wangu. Fundi akamgeukia mke wangu. Walikubaliana wao wawili. Chumba cha mama, bafu na korido zirudi swichi za kawaida, zenye kitufe kikubwa, zinazosikika "ta!" ukibonyeza. Sebuleni na varandani zibaki janja, lakini zibadilishwe ziwe na kitufe cha kweli, ili intaneti ikikatika mtu asikae gizani akibishana na simu. Feni ipewe swichi yake. Mke wangu aliyajua yote haya. Wakati mimi napanda viti, yeye alikuwa anasoma.

Mambo ya msingi sana. Ningeyafikia wiki ijayo.

Taa zote zinazima sasa. Nyumba iko kimya. Imepwaya kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Tumeitwa kwa mwanyumba. Mama mkwe ameamua. Mke wangu alivaa gauni lake la bluu, akalivua, akavaa la kijani, akarudi kwenye la bluu.

Tukakaa. Dada mtu kaandaa chai. Mama mkwe anatembea vizuri, kidole kimenywea. Mwanyumba ana jasho. Ndipo nikagundua, mwanamume huyu anataka mama abaki. Si kwa ajili ya kunishinda. Anampenda tu.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akasema hapa ametunzwa kama yai. Kila kitu kipo mahali pake, kila kitu kinafanya kazi. "Lakini wanangu, mnatoka asubuhi, mnarudi jioni, na mchana kutwa hakuna wa kunichekesha. Kule kwa mkwe wangu huyu nilicheka hata mguu ukiwa unaniuma. Nimelala gizani muda mrefu nimefunikwa macho. Sasa nataka kucheka. Nitakaa kule."

Mke wangu akaangua kilio. Akanishika mkono mbele ya watu wote, akaubana. Hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani. Mwanyumba alinipa mkono pia, akasema nimtunze mama. Macho yake yalikuwa na unyevunyevu. Nikamwambia aje kila Jumapili. Nilimaanisha.

Jumatatu, 17 Machi

Mama mkwe amehamia rasmi. Amebonyeza swichi ya chumba chake, ta, ta, ta, kwa raha yake.

Nimeutafakari uamuzi wake kwa utulivu. Amesema ni kwa sababu ya kucheka. Sawa. Lakini alikuwa anacheka nini? Taa! Bila swichi janja angecheka nini humu ndani? Kwa hiyo mpango wangu ulifanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho, ila watu hawakuwa na subira. Sijamwambia mke wangu. Ana furaha, nisimharibie.

Leo mama amelalamika kwamba jua la asubuhi linampiga machoni. Mke wangu amesema atashona pazia zito. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimetoka dukani sasa hivi. Yapo mapazia yanayojifunga yenyewe! Yana mota, reli ya chuma, na yanasikiliza simu. Nimechukua lenye mota kubwa kuliko yote. Boksi liko chini ya kitanda. Karatasi yake ni nene, nimeiacha humohumo isikunjike.

Jumamosi mke wangu anatoka mapema. Mama huchelewa kuamka. Nitaingia taratibu na drili, nifunge kila kitu juu ya kitanda chake akiwa amelala. Nataka iwe mshangao.